Uzoefu wangu na mashine ya kupimia shinikizo la damu nyumbani, Bukavu

Nyumbani kwetu Ibanda tunatumia mashine ya betri ya kupimia shinikizo la damu, ile ambayo mkanda wake hufungwa juu ya kiwiko, na kwa kuwa ndugu na majirani huniuliza mara kwa mara kama inafaa kununuliwa, nimeona nieleze kwa urefu kidogo. Inafaa sana, ilimradi mkanda ulingane na mkono wa mgonjwa. Sitaji kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu mengi ninayoyasema yanahusu mashine zote za aina hii.

Tuliinunua kwa ajili ya mama, ambaye anameza dawa za tansiyo, yaani shinikizo kubwa la damu, kila siku. Mashine nyingi tulizoonyeshwa madukani zilikuwa na mkanda wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mkono wa mama, tulipoupima kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, ulikuwa na sentimita 35. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana kwa nguvu zaidi ndipo uzibe mshipa, na namba hutoka kubwa kuliko ilivyo kweli. Mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji kwa sababu ya kitambaa tu. Tuliendelea kutafuta mpaka tukapata mashine yenye mkanda wa sentimita 22 hadi 42. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni nyepesi na zinavutia, lakini sikuzitaka, kwa kuwa mkono ukiwa chini au juu ya usawa wa moyo kidogo tu, namba hubadilika.

Karatasi ya maelekezo imeandikwa Kifaransa na Kiingereza, ikabidi nimweleze mama kwa Kiswahili hatua moja baada ya nyingine. Anakojoa kwanza, anakaa kimya dakika tano ameegemeza mgongo, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja mguu juu ya mguu, na mkono unalazwa mezani ili mkanda uwe sawa na moyo. Nusu saa kabla ya hapo hanywi kahawa. Sharti gumu kuliko yote nyumbani kwetu ni kunyamaza, maana wageni huja bila kukoma, na mama hapendi kumwacha mtu bila kumsalimu. Hata hivyo mazungumzo hupandisha kipimo, basi sasa mgeni huombwa asubiri kidogo. Kuhusu mkono, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulionyesha kwamba mkono uliowekwa mapajani huongeza namba ya juu, ile ya kwanza kati ya namba mbili za kipimo, kwa karibu 4, na unaoning'inia kando ya mwili kwa karibu 7.

Faida kubwa tuliipata kwa daktari. Zahanati tunayokwenda iko juu ya mlima, kama ilivyo kwa sehemu nyingi za Bukavu, na mama alikuwa akifika akihema na kupimwa papo hapo, namba ya juu ikipita 150. Nyumbani, akiwa ametulia, mara nyingi ilibaki chini ya 135. Daktari alituomba tupime wiki nzima, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila safari kwa kupisha dakika moja, kisha akaziacha kando namba za siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zilizobaki. Alitueleza pia kwamba kwa kipimo cha hospitali mpaka wa shinikizo kuhesabiwa kuwa kubwa ni 140 kwa 90, bali kwa kipimo cha nyumbani ni 135 kwa 85, jambo ambalo maduka mengi hayamwambii mnunuzi. Dawa za mama hazikuongezwa. Kilichopunguzwa ni chumvi, na makayabo, yaani samaki wa chumvi, sasa hulowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa kabla ya kupikwa.

Kasoro zipo. Kioo hakina mwanga, na umeme unapokatika jioni tunalazimika kukimulika kwa simu. Betri za bei ya chini huisha upesi, na zikichoka mkanda hujaa polepole au mashine huonyesha alama ya kosa. Tena, kwa mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, mashine hii inaweza kukosea, na kipimo chake kinahitaji kuthibitishwa na muuguzi. Namba ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, tumekubaliana kwamba hakuna kurudia kupima: ni kwenda hospitali mara moja.

Anayetaka kununua atazame kwanza kama aina anayoiuziwa imo katika orodha ya STRIDE BP, inayosomwa bure kwenye intaneti na inayoonyesha mashine zilizohakikiwa usahihi wake. Kisha afungue boksi mbele ya muuzaji, asome sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wenyewe, aufunge mkononi na kupima mara mbili kabla ya kulipa.