Kliniki ya moyo Upanga, famasi nne na kidonge kimoja: tathmini ya mgonjwa wa mapigo ya mbio

Nimekuwa nikihudumiwa na kliniki moja ya moyo iliyoko Upanga tangu Machi mwaka jana, na katika muda huohuo nimepita famasi nne za Dar es Salaam nikitafuta dawa ya mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa wahudumu hubadilika, na duka lililonikosea huenda leo limepata mfamasia mwingine. Nitaeleza nilivyohudumiwa, ili mwenye tatizo kama langu ajue cha kudai anapofika dirishani.

Tatizo langu huanza ghafla na kukoma ghafla. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinama kuinua jora la kitenge dukani Kariakoo, moyo ukaanza kudunda kwa kasi nisiyoweza kuihesabu, shingo ikipwita na mikono ikilegea, kisha baada ya kama dakika kumi ukatulia mara moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Majirani wa duka walisema ni presha, kwa sababu hapa mjini kila kinachohusu moyo huitwa presha. Nilipopimwa, presha ilikuwa 118 kwa 76, na mpimaji akanishauri nikapumzike.

Hali iliporudi mara ya tatu niliingia famasi ya karibu na duka langu. Kijana aliyekuwa kaunta alinisikiliza kwa muda mfupi kuliko alioutumia kutafuta chenji, akaniwekea mbele propranolol ya miligramu 40, akasema, “Dada, hii ndiyo wanayotumia wote wenye moyo wa mbio.” Hakuniomba cheti, ingawa hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, wala hakuniuliza swali lolote. Kwa upande mmoja alisema kweli, kwani propranolol hupunguza kasi ya moyo na imewasaidia wengi tangu miaka ya 1960. Ila dawa hiyo haichagui: inapozuia vipokezi vya adrenalini kwenye moyo, huvizuia pia vile vinavyosaidia njia za hewa kubaki wazi. Mimi niliugua pumu utotoni, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano sikuwa nimeshika pampu. Usiku wa tatu kifua kilianza kulia filimbi, nikakesha nimekaa kitini dirishani hadi adhana ya alfajiri.

Kliniki niliyoikimbilia iko katika eneo lilelile ilipo Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, na kwa hiyo ni rahisi kumwelekeza dereva wa bajaji. Mapokezi ni ya adabu, ila foleni ni ndefu kuliko saa inayoandikwa kwenye kadi: niliandikiwa saa tatu asubuhi, nikaingia kwa daktari saa tano na nusu. Malalamiko yangu juu ya foleni yaliisha nilipoketi mbele ya daktari bingwa, kwa kuwa nilielewa kilichokuwa kikiwachelewesha waliotangulia. Aliniuliza maswali kwa takriban dakika ishirini kabla ya kushika kalamu. Je, mapigo huanza polepole au ghafla? Yana mpangilio au yanarukaruka? Nimewahi kuzimia? Katika ukoo wetu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana? Nakunywa kahawa kiasi gani, na vinywaji vya kuongeza nguvu je? Natumia dawa za mafua? Hapo akanieleza kwamba baadhi ya dawa hizo zina pseudoephedrine, ambayo huweza kuuchochea moyo, na kwamba hata salbutamol ya pumu huongeza mapigo. Kisha akauliza, “Mama, umewahi kuugua pumu, hata utotoni?” Nilipomsimulia usiku wangu wa kitini alitikisa kichwa na kuandika kwa wino mwekundu juu ya faili langu.

Vipimo vilifuata. Wingi wa damu ulikuwa mzuri, na tezi ya shingo haikuwa na hitilafu. Vyote viwili hupimwa kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huufanya moyo uende mbio bila moyo wenyewe kuwa na kasoro. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha moyo wenye umbo na nguvu za kawaida. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukiita ECG, nacho kilikuwa safi, na hapo ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, kwa kuwa kipimo hicho hunasa sekunde chache tu za siku nzima, na moyo ukiwa umetulia wakati huo hauna la kusema.

Nikavishwa kwa saa 48 kifaa kiitwacho Holter, kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo. Jina ni la mwanasayansi Mmarekani, Norman Holter, ambaye kifaa chake cha mwanzo kilikuwa mzigo wa mgongoni wa kilo 38 hivi. Changu kilikuwa kidogo kuliko simu. Ubaya wake hauko kwenye uzito bali kwenye joto la Machi. Huruhusiwi kuoga, na jasho hubandua vibandiko vya kifuani, hasa ukisimama kwenye basi la mwendokasi lililofurika kutoka Kimara. Kliniki ilinipa vibandiko vya akiba pamoja na mchoro wa mahali pa kuvibandika, jambo ninalolisifu, lakini anayeweza kusubiri afanye kipimo hiki wakati wa kipupwe.

Hapa nina lalamiko moja la haki. Mgonjwa hupewa karatasi ya kuandika saa ambayo mapigo yalianza, nami nikaandika kwa uaminifu “saa 2:40, dakika 11”. Mtaalamu wa kusoma kifaa alinipigia simu kesho yake akisema kwamba saa 2:40 moyo wangu ulikuwa umelala kwa mapigo 58 kwa dakika, na kwamba huenda nilikuwa na wasiwasi tu. Tulibishana kwa heshima mpaka nilipomwambia kwamba wakati huo nilikuwa nafungua duka. Kifaa kilikuwa kimehesabu kuanzia usiku wa manane, mimi nilihesabu Kiswahili. Alipotazama 8:40 alikuta mapigo 184 kwa dakika, yaliyopangika sawasawa, yakianza na kukoma mara moja. Karatasi inayotolewa Dar es Salaam bila kueleza ni saa ipi inayotakiwa ni karatasi iliyoandaliwa bila kumfikiria mgonjwa.

Jibu lilikuwa mapigo ya kasi yanayoanzia sehemu ya juu ya moyo, pale umeme wa moyo unapopata njia ya kuzunguka badala ya kupita moja kwa moja. Kwa sababu ya pumu, daktari aliniandikia verapamil, miligramu 40 mara tatu kwa siku. Wiki tatu baadaye, mapigo yalipokuwa yamepungua lakini hayajakoma, alibadilisha ikawa kidonge kimoja cha miligramu 240 kinachoyeyuka taratibu, ambacho hakitafunwi wala kusagwa. Alinionya mambo mawili: nisichanganye dawa hii na za jamii ya propranolol, kwa kuwa zikikutana zinaweza kuupunguza moyo kasi kupita kiasi, na niache balungi, kwa sababu huongeza kiwango cha dawa katika damu. La balungi liliniuma kuliko yote.

Onyo la kwanza lilinifaa mapema kuliko nilivyotarajia. Famasi ya pili haikuwa na verapamil, na muuzaji akanipa atenolol akisema ni zilezile. Atenolol ni ndugu wa propranolol. Ningeichukua, halafu wiki iliyofuata nikapata verapamil na kumeza zote mbili kwa nia njema kabisa. Famasi ya tatu ilisema wazi kwamba haina, nami nashukuru kwa ukweli huo. Ya nne, iliyoko mitaa ya Upanga isiyo mbali na kliniki, ina mfamasia mwanamama wa makamo ambaye alisoma cheti, akauliza dawa nyingine ninazotumia, akanionyesha tarehe ya kuisha kabla sijalipa, na kuniambia nitarajie choo kigumu. Ndivyo ilivyokuwa. Papai, maji mengi na kutembea jioni vimelipunguza tatizo hilo, ingawa halijaisha.

Kitu kingine nilichopata kliniki, na ambacho hakikuwa na bei, ni mafunzo ya kuutuliza moyo bila kidonge. Mgonjwa hukaa ameegemea nyuma, hupuliza ndani ya bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kwa sekunde 15, kwa nguvu inayotosha kusogeza kisukumio kidogo tu, kisha hulazwa chali mara moja na miguu yake kuinuliwa nyuzi 45 kwa sekunde nyingine 15. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hii ilirudisha mapigo ya kawaida kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 17 kwa kupuliza bila kuinuliwa miguu. Mimi hulala juu ya majora nyuma ya kaunta, na msaidizi wangu ananiinua miguu huku wateja wakishangaa. Kati ya mara nne imefaulu mara mbili. Nilifundishwa baada ya ugonjwa kujulikana, na nikaambiwa kwamba yakija maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi, ni kwenda hospitali bila kupoteza muda kwa kupuliza.

Kuhusu gharama, nililipa mfukoni shilingi 50,000 kumwona bingwa, 120,000 kwa eko na 200,000 kwa Holter. Si bei ya kila mtu. Daktari pia alinieleza tiba ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja na kuunguza njia ile ya ziada, ambayo ingeniondolea haja ya vidonge. Bado natafakari, kwani kwa miezi mitano sasa mapigo yamekuja mara moja tu.

Naipa kliniki nyota nne kati ya tano. Ya tano niliizuia kwa ajili ya ile karatasi. Nilipokwenda mwezi uliopita niliiona tena mezani, ni ileile, ila mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: “Andika saa inayoonekana kwenye simu yako.”