Nimechorwa tatuu Nyali na fundi anayeijua ngozi nyeusi

Kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu na unatafuta pa kuchorwa tatuu hapa Mombasa, usianze na bei. Mwambie fundi akuonyeshe picha za kazi zake zilizokwisha kupona kwenye ngozi kama yako, si zile zilizopigwa papo hapo wino ukiwa bado unang'aa. Studio niliyokwenda Nyali walinitolea bila kusita, hata za wateja waliochorwa miaka kadhaa nyuma, na weusi ulikuwa bado umekolea. Hapo ndipo nilipoweka nafasi.

Simu yangu ilijaa picha za wachoraji wa nje. Nilipenda mistari myembamba ya Dr. Woo wa Los Angeles, anayechora kwa sindano moja vitu vidogo vyenye maelezo mengi. Nilipenda wanyama wa Sasha Unisex wa Urusi, waliopakwa rangi laini kama za maji bila mstari mweusi wa kuwazunguka. Na nilikuwa na majoka ya Horiyoshi III wa Yokohama, yale yanayojaza mgongo mzima. Fundi, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alizipitia zote pamoja nami kabla ya kutaja hata shilingi moja.

Alinieleza hivi. Wino wa tatuu hukaa chini kidogo ya ngozi ya juu, milimita 1 hadi 2 hivi, ilhali weusi wetu uko kwenye ile ngozi ya juu. Kila rangi utakayochorwa itaonekana kupitia weusi huo, kama ukuta ukiutazama kwa miwani ya jua. Manjano, waridi hafifu na samawati ya mbingu ndizo zinazopotea kwanza, kwa hiyo wanyama wa yule Mrusi wasingekuwa vile kwenye mkono wangu. Mistari ya sindano moja inawezekana, mradi iachiwe nafasi, kwa sababu wino hutanuka polepole kadiri miaka inavyokwenda, na mistari iliyobanana huishia kuungana. Mtindo wenyewe wa sindano moja na kivuli cha kijivu ulianzia kwa wafungwa wa California wenye asili ya Meksiko, waliojiundia mashine huko jela. Ulipata duka lake mwaka 1975, Good Time Charlie's, mashariki mwa Los Angeles, na Freddy Negrete aliyetoka humo humo jela akawa miongoni mwa walioutangaza.

Fundi alimsifu zaidi Horiyoshi. Picha kubwa, mstari mnene, weusi mwingi nyuma: mtu anakutambulia joka akiwa ng'ambo ya barabara, awe mchorwaji mweupe au mweusi.

Nilimwonyesha pia Whang-Od, bibi wa kijiji cha Buscalan kule Kalinga, Ufilipino, ambaye jarida la Vogue la nchi hiyo lilimweka kwenye jalada Aprili 2023 akiwa na miaka 106. Anagonga kwa kijiti na mwiba, na wino wake ni masizi. Wasamoa nao wanachora kwa kugonga, weusi mtupu kutoka kiunoni hadi magotini. Hawa wote ni watu wenye ngozi ya kahawia, na mitindo yao imesimama juu ya wino mweusi peke yake. Kwangu hilo lilimaliza mjadala wa rangi. Hatuna haja ya kuomba ngozi yetu radhi, tuchague mitindo iliyozaliwa juu ya ngozi inayofanana nayo.

Basi nikataka kitu cha kwetu. Nilikuwa na picha za milango ya nakshi ya Mji wa Kale, nikamwomba bangili ya mnyororo na mawaridi kuzunguka mkono, chini ya kiwiko. Alichora, akafuta nusu ya petali, akazikuza zilizobaki. Nilipomuuliza kwa nini anapunguza akasema, "Dada, ngozi yako ndiyo rangi ya pili. Nikiijaza yote, ua halitaonekana." Ukilitazama sasa, ua lenyewe ni ngozi yangu, weusi uko pembeni, na kivuli ni vitone vitupu.

Usafi sina la kulalamikia. Sindano alizifungua mbele yangu, glavu alibadilisha kila aliposhika kitu kingine, wino aliumimina kwenye vikombe vidogo vya kutupwa. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alinishika sikio akatazama nilipotogwa, akaniuliza kama kidonda huwa kinanivimbia kovu. Makovu hayo ya kuvimba, keloidi, huwatokea zaidi watu weusi. Tena ngozi yetu haionyeshi wekundu haraka, hivyo fundi asiyeijua hupita palepale tena na tena hadi anaichana. Huyu alipita kwa mkono mwepesi. Maumivu yapo, hasa upande wa ndani, lakini yanavumilika.

Kasoro ni moja: stima ilipotea katikati ya kazi na hawakuwa na jenereta. Nilikaa kwenye joto mkono umefungwa plastiki hadi iliporudi. Kwa bei ya shilingi 12,000, jenereta ingepaswa kuwepo.

Kupona kwa hali ya hewa yetu kunataka subira. Jasho linawasha, na bahari ni marufuku mpaka magamba yaishe, wiki tatu au nne. Nilivaa mikono mirefu ya pamba kwenye matatu, nikapaka losheni isiyo na manukato, kidogo tu.

Wapo wengi pwani ambao dini haiwaruhusu tatuu, na hina ya akina mama wetu ni sanaa kamili, haina haja ya kulinganishwa na chochote. Ila piko ikipakwa mwilini muwe macho: ni rangi ya nywele, na inaweza kuunguza ngozi vibaya.

Anayetaka rangi kwa vyovyote, studio hii humchora kwanza vitone vichache vya rangi mahali pa kujificha na kumwambia arudi vikishapona. Kipimo hicho hawatozi.