Kidude cha kupima oksijeni kidoleni, nimekaa nacho miezi miwili

Nilikinunua Kariakoo elfu 25, baada ya mama kubanwa na pumu usiku tukabaki tunakisia tu tukimbie hospitali au tusubiri kukuche. Kinabana kidole kama kibanio cha nguo, betri zake ni zile za rimoti, kitufe kimoja tu, na kwenye kioo zinatokea namba mbili, asilimia ya oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo.

Siku ya kwanza nikajua nimepigwa. Nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na ndoo ya maji, nahema juu juu, nakivaa, mapigo 131 ila oksijeni 97, ileile ya nikiwa nimekaa kwenye kochi. Kumbe ndo inavyotakiwa bana! Misuli ikichapa kazi inakula oksijeni inatema kabonidayoksaidi kwenye damu, ubongo unaistukia, unaamrisha mapafu yaheme zaidi na moyo nao unakimbiza damu ikapakie oksijeni nyingine, yaani mapafu na moyo vyote vinahangaika ili ile 97 isitikisike.

Nikabana pumzi nione kama itashuka. Sekunde 40 kifua kinawaka moto, namba bado 97, kwa sababu kinachokulazimisha uvute hewa ni kabonidayoksaidi kujaa, sio oksijeni kuisha. Nimeshaachia napumua zangu ndo kinaandika 95! Damu nayo ina safari, toka mapafuni mpaka ifike ncha ya kidole.

Sasa kero. Kinapitisha taa kwenye nyama ya kidole kisome rangi ya damu, kwa hiyo vidole vikiwa vya baridi au kucha zina piko kinahangaika, na kwa sisi weusi vipimo hivi huwa vinazidisha kidogo, mgonjwa akisoma 93 usijipe moyo. Halafu aliyelala na jiko la mkaa chumbani msimpime na hiki mkaridhika, ile gesi ya mkaa (kabonimonoksaidi, sio ile kabonidayoksaidi ya juu) inaganda kwenye damu palepale pa oksijeni na kidude hakioni tofauti, kitakwambia 98 huku mtu anakata roho. Hata mwenye upungufu wa damu anaweza kusoma 98, kinapima asilimia, sio wingi.

Kwa mama kimetusaidia sana, tunajua kawaida yake ni 96. Nyota 4, moja nimeinyima kwa sababu ya mfuniko wa betri, ushakatika nimefunga rababendi.