Altrasaundi ya mimba changa kituo cha afya cha kata yetu (Geita vijijini), nimepima mara nne

Nawapa nyota nne kati ya tano, na niseme mapema kabisa kwamba mara ya kwanza nilipoenda pale mimba yangu haikupona. Naanza na hilo maana najua wapo wanaosoma maoni wakitafuta sehemu ambayo "mimba haitoki", sehemu hiyo haipo, na anayekwambia ipo anataka hela yako.

Huduma yenyewe ni chumba kidogo nyuma ya kliniki ya mama na mtoto, kitanda kimoja, pazia la kijani, na mashine ndogo ya kubeba mkononi ambayo kichwa chake kinachomekwa kwenye tableti. Anayepima ni mkunga aliyesomea hicho kipimo. Ni Jumanne na Alhamisi tu. Mimi nimechangia elfu kumi kila mara, ila kadi, vipimo vya damu na chandarua nilipewa bure. Boda kutoka kwetu ni elfu sita kwenda tu, mvua ikinyesha wanataka nane.

Sasa ilivyokuwa. Mwaka jana nilihesabu siku zangu nikapata wiki 9, nikaona matone ya damu ya kahawia. Nilikuwa sijamwambia mtu zaidi ya mume, kwetu mimba haitangazwi mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, ndo maana wengi tunaanza kliniki mwezi wa tano na mambo ya mwanzo yote yameshapita. Zahanati ya karibu walinirudisha, nilete mume au barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mume yuko duarani anachimba, hana hata mtandao. Yaani natokwa damu alafu naambiwa nikatafute barua. Nikapanda boda nikaenda kata.

Yule mkunga hakuniuliza mume yuko wapi. Aliniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ni lini, huwa zinakuja baada ya siku ngapi, na kama nilikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Nilikuwa nayo, nimeacha miezi michache tu nyuma na siku zilikuwa bado zinarukaruka, akasema basi hizo wiki 9 tuziweke pembeni kwanza, tupime tuone yeye mwenyewe ana ukubwa gani.

Alipima akanyamaza kidogo, akapima tena. Milimita 6. Akavuta droo akatoa kifuniko cha chupa kina mbegu mbegu ndani, akanishika mkono akaniwekea punje moja ya mchele kiganjani. "Leo yuko hivi. Kwa wiki 9 tungetegemea awe sentimita mbili na ushee, kuzidi hili harage." Akaweka na harage pembeni yake. Mpaka leo nikichambua maharage nakumbuka kile kiganja changu. Akaendelea, "Mapigo ya moyo siyaoni, ila kwa udogo huu, na mimi napima juu ya tumbo, siwezi kukwambia amekufa. Rudi baada ya siku kumi. Damu ikizidi, tumbo likakata upande mmoja au ukasikia kizunguzungu usisubiri hizo siku, njoo hata usiku." Hiyo ya tumbo upande mmoja alisema ni kwa ajili ya mimba kutunga nje ya kizazi, ile inaua mama.

Hapa ndo nyota zao zote zilipo. Jirani yangu aliwahi kupima kliniki moja ya mjini, akaambiwa hapo hapo hakuna kitu, asafishwe, na akasafishwa siku hiyo hiyo. Kipimo kimoja tu. Kumbe utaratibu ni kwamba hata kwa kile kipimo cha ndani, kinachopita ukeni, mtoto ambaye hajafika milimita 7 na hana mapigo hahukumiwi siku hiyo, na kifuko cha mimba kitupu ambacho hakijafika milimita 25 nacho hakihukumiwi, unarudia baada ya wiki moja au mbili. Mimba changa inayokua inaongezeka kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo siku kumi zinatosha kuonyesha. Jirani yangu mpaka leo anajiuliza na hakuna wa kumjibu.

Zile siku kumi zilikuwa ndefu jamani. Mama mkwe alishagundua, akasema ni chango, akaniletea mizizi nichemshe. Nampenda na najua alitaka kunisaidia, lakini sikunywa, mkunga alishanionya dawa ambayo haijulikani kipimo chake isiingie mwilini kwa wakati ule. Nilirudi na mama mkwe. Milimita 7, mapigo hakuna. Wakanipa rufaa hospitali ya wilaya wakathibitisha kwa kipimo cha ndani, nikaelezwa njia tatu: kusubiri itoke yenyewe, kutumia vidonge, au kusafishwa kwa pampu ya mkono. Nilichagua vidonge. Nikaambiwa nikilowesha pedi kubwa mbili ndani ya saa moja, na hali hiyo ikaendelea saa mbili, au nikipata homa au uchafu unaonuka, nikimbie hospitali. Wakapima na kundi la damu, maana mwenye negativu anaweza kuhitaji sindano ili mimba zijazo zisipate shida.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa mkunga, siyo kupima, kuongea tu, na alinipa mda. Mama mkwe alikuwepo pale kwenye benchi, akauliza je, kilichoitoa ni ndoo za maji? ni baiskeli? Mkunga akamwambia kwa heshima kabisa, "Mayo, siyo ndoo." Akaeleza kwamba katika kila mimba kumi zilizojulikana, moja au zaidi inaharibika, nyingi kabla ya wiki 12, na karibu nusu ya hizo za mwanzo ni yai na mbegu zilipokutana hesabu ya kromosomu haikukaa sawa, hakuna aliyekosea. Mama mkwe alikaa kimya alafu akasema naye zilimtoka mbili, miaka hiyo, na hajawahi kumwambia mtu. Nimeolewa mwaka wa sita, nilikuwa sijui.

Alafu akahamia kwenye yale yanayowezekana kurekebishwa, maana yapo. Malaria, na huku kwetu ziwani ndo kwao. Kaswende. Upungufu wa damu. Na zebaki, aliponiuliza kazi yangu nikamwambia nakamatisha dhahabu kwa zebaki, kwa mikono, na mume anachoma kwenye kikaango nyuma ya jiko, akaniambia ule mvuke unaingia kwenye damu na unavuka mpaka kwa mtoto. Hakuniambia ndo uliosababisha, aliniambia tu niache, na mume achome mbali na tunapolala. Nimeacha. Hela imepungua kweli, sitadanganya. Akanipa na foliki asidi nianze kabla hata ya kushika mimba nyingine.

Mwaka huu nikashika. Nikaenda wiki ya 7, kipimo kikasoma milimita 10 na katikati kuna kitu kinametameta haraka haraka, akanionyesha kwa kidole, nililia akaniacha nilie. Damu ikaonyesha malaria wala sikuwa na homa, akanipa mseto. Nikaogopa, mama yangu alikuwa anapewa kwinini, akanieleza kwamba tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali mseto hata kwa miezi mitatu ya kwanza, na kwamba malaria yenyewe kuiacha ndo hatari ya mimba kutoka. Zile SP, vidonge vya kukinga malaria, ndo zinasubiri miezi mitatu ipite. Wiki ya 11 nimepima milimita 41, anarusha miguu.

Nyota moja nimeikata kwa haya. Foleni ni moja, mwenye tumbo la miezi nane na anayesubiri kuambiwa mtoto hana mapigo wanakaa benchi moja, na pazia halizuii sauti, mimi nilisikia majibu ya mwenzangu na wao wakasikia yangu. Watenge hata saa. Siku moja tableti iliisha chaji na umeme hakuna, wanawake kama kumi na tano tukarudi nyumbani na nauli zimeenda. Na siku mbili kwa wiki hazitoshi, mkunga yuko peke yake, akiumwa basi.

Mkienda bebeni tarehe ya siku zenu za mwisho imeandikwa, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi. Dharura ya mjamzito usiku pigeni 115 ya m-mama, ni bure, wanawatafutia gari.

Mimi nimeandikiwa kurudi wiki ya 20. Mama mkwe kashasema anakuja, anataka kukiona hicho kinachometameta.