Nairobi hadi Kisumu kwa ndege: angani dakika 40, safari nzima karibu saa nne

Kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi Kisumu ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Ukianzia kupimia Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, zinapungua hadi kama 270, na ndiyo maana takwimu za mitandaoni hazilingani. Kwa barabara, kupitia Nakuru na Kericho, ni karibu 350.

Shirika la ndege la Jambojet hutumia Dash 8 Q400, ndege ya propela inayokata zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikishatulia juu. Kwa hesabu ya darasani ingefika chini ya nusu saa. Haifiki, kwa sababu upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, na ndege hupaa ikiukabili: huondoka ikiwa imeipa Kisumu mgongo, ndipo izunguke. Kisha ipande, na muda si mrefu ianze kushuka. Ikitakiwa kutua ikitokea upande wa ziwa, ongeza dakika kadhaa tena. Ndiyo maana tiketi huandika dakika 45 hadi 55, na muda huo unajumuisha ndege kutambaa ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Muda mwingi huliwa ardhini. Getini JKIA kuna ukaguzi, halafu kuna mwingine ndani. Kutoka katikati ya jiji, barabara ya Expressway huokoa muda wa Mombasa Road saa za msongamano, na ada yake inastahili. Fika saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, na usome herufi ya terminali kwenye tiketi kabla ya kumwelekeza dereva. Kisumu ni rahisi: uwanja uko kando ya barabara ya Busia, kilomita chache tu kutoka mjini, na ukiwa huna begi la kusubiri unatoka mara moja.

Chagua ndege ya asubuhi. Alasiri mawingu ya mvua hujijenga upande wa ziwa na milima ya Nandi, na safari huwa ya kurushwarushwa. Tena ndege moja huzunguka njia kadhaa kwa siku, hivyo kuchelewa kwa asubuhi hurithiwa na abiria wa jioni. Ukienda, kaa dirisha la kulia: kukiwa hakuna mawingu utaona Longonot, kisha Ziwa Naivasha. Mabawa ya Q400 yako juu ya madirisha, kwa hiyo hayakuzibi. Epuka tu safu zilizo sambamba na propela, kelele ni nyingi.

Kwa mwenye begi la mkononi na shughuli ya siku moja, huduma hii inalipa kabisa. Basi lingekula siku nzima kwenda tu. Kwa mwenye mizigo, basi ni bora, maana tiketi ya bei ya chini kwa kawaida haina begi la chini, yaani la kupakiwa tumboni mwa ndege, na kulilipia kaunta ni ghali kuliko kulilipia mapema.

Wanaorudi na samaki, ngege au mbuta, wajue kwamba kinachokataliwa kaunta mara nyingi ni maji yanayovuja. Samaki agandishwe usiku kucha hadi awe mgumu kama jiwe, afungwe magazeti tabaka kadhaa, aingie kwenye kisanduku kigumu kisicho na barafu ya vipande, na mfuniko uzungushiwe utepe wa gundi pande zote.