Kamera ya Kazi Bagamoyo: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia megapikseli kwanza. Mwache amalize, kisha muulize mambo matatu: kamera inakaa kadi ngapi, ina tundu la maiki au haina, na bodi peke yake bila lenzi ya 18-55 (ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera) anaiuza bei gani. Canon 2000D, kamera ya mtu anayeanza, ina megapikseli 24. Canon 80D ya daraja la kati nayo ina 24, na sensa zao, vipande vinavyonasa picha, zinalingana ukubwa. Ukipanda daraja unalipia fokasi, betri, vitufe na uimara.

Kwa magofu ya Kaole saa sita mchana, au majahazi jua linapochomoza baharini, kamera yoyote inatosha. Harusi ya usiku ndiyo inayozitenganisha. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, hata kwa ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 3200 unaweza kulazimika kupiga kwa 1/25 ya sekunde, na bibi harusi anayecheza atatoka kama moshi. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo picha ileile unaipiga kwa 1/250. Kwa kundi la watu ibane hadi f/2.8 au f/4, la sivyo wa mbele atakuwa mkali na wa nyuma ukungu. Flashi ya kuchomeka juu ya kamera nayo ni lazima, lakini usitegemee kuielekeza darini pale ambapo hakuna dari: chini ya turubai jekundu, mwanga unaorudi unakuja mwekundu, na nyuso zote nazo.

Sasa mpangilio wetu, kwa anayetaka kamera imlipe.

Namba moja ni Nikon D7200 ya mwaka 2015, iliyotumika. Sababu kubwa ni nafasi mbili za kadi: unaweza kuiweka iandike kila picha mara mbili, na kadi ikifa hufungi ndoa ya watu upya. Fokasi yake ina pointi 51, betri inatoa takriban picha 1,100 kwa chaji moja, na bodi ina mota ya fokasi (inayozungusha lenzi zisizo na mota yake), hivyo lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D, ambazo bei yake ni nafuu, zinafanya kazi. Dada yake D7500 ni mpya zaidi na ina video ya 4K (yenye picha kali kuliko 1080 ya kawaida), ila imebakiziwa nafasi moja ya kadi. Kwa harusi tunaona huko ni kurudi nyuma.

Namba mbili ni Canon 80D. Kwa anayerekodi video inapanda kuwa ya kwanza: fokasi yake inamfuata mtu taratibu bila kuhangaika, kioo kinageuka, na ina tundu la maiki na la hedifoni. Wanaorekodi ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wajue tu kwamba inakata video ikifika dakika 29 na sekunde 59. Bonyeza upya kati ya wimbo na wimbo, usingoje ikate yenyewe.

Namba tatu, Canon 250D, ndiyo kamera ya kuanzia tunayoipendekeza. Ni nyepesi, ina tundu la maiki, na fokasi ya video ni nzuri kwenye 1080. Kwenye 4K fokasi hiyo inadhoofika, basi sahau 4K yake.

Nikon D3500 inafuata kwa picha za mnato tu. Betri yake ni ya ajabu, zaidi ya picha 1,500, lakini haina tundu la maiki wala mota ya fokasi. Ukinunua lenzi hakikisha imeandikwa AF-S au AF-P, yaani ina mota yake. Canon 2000D iko chini yake: pointi 9 za fokasi na picha 3 kwa sekunde. Canon 4000D iache. Pale lenzi inapofungwa ni plastiki, na sensa haijisafishi vumbi.

Ukinunua iliyotumika, ikague hapohapo dukani. Fungua tundu la betri na uangalie kiatu cha flashi (pale juu inapochomekwa): unga wa kijani au mweupe ni chumvi, na iliyoingia humo imeingia ndani pia. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu, usiichukue hata kwa punguzo. Zungusha zumu, ukisikia inakwaruza ni mchanga. Weka f/22, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa: ya vumbi yanasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Kwa Nikon, picha ya JPEG inabeba hesabu ya shata (kamera imeshapiga mara ngapi), na shata ya D7200 imepimwa kwa mara 150,000. Canon hizi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, kwa hiyo utahitaji kompyuta, waya na programu.

Fedha iliyobaki nunua betri ya pili halisi. Za bandia hushuka kutoka asilimia 40 hadi sifuri ghafla, mara nyingi wakati wa keki.

Nyumbani, weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli. Mchele uache jikoni, unamwaga vumbi. Usibadilishe lenzi ufukweni upepo wa kusi unapovuma. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Ukiitoa baridi, mvuke unaganda juu ya lenzi, na ukifuta unarudi.