Mashine ya kutotolesha mayai 56 ya Kariakoo: inafaa kwa mfugaji wa kuku wa kuchi?

Inafaa, ila usifuate karatasi yake ya maelekezo kuhusu maji. Inaagiza ujaze mifereji yote miwili ya maji tangu siku ya kwanza. Hewa ya Dar tayari ina unyevu mwingi. Kwa nyuzi 37.5, mashine kavu hukaa karibu unyevu wa asilimia 45 hadi 50 yenyewe. Ukijaza yote, yai halipotezi maji ya kutosha, chumba cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga kilichokamilika kinafia ndani ya ganda. Inauma sana kwa mayai ya kuchi, maana kuku hawa hutaga machache. Jaza mfereji mmoja nusu, kisha mifereji yote siku ya 18, ufikie asilimia 65 hadi 70. Siku hiyohiyo toa trei ya kugeuzia, la sivyo miguu ya vifaranga itanaswa.

Kipimajoto chake usikiamini: weka cha pembeni usawa wa mayai, urekebishe tofauti.

Umeme ukikatika usifunue, funika kwa blanketi. Nunua mashine yenye tundu la betri la volti 12. Wati 80 hunyonya karibu ampea 7, hivyo betri ndogo ya pikipiki haitoshi.

Mayai unayoweka yasizidi siku 7 tangu yatagwe, ncha nyembamba chini, na yasioshwe. Siku ya 7 mulika kwa tochi, ondoa yasiyo na mishipa. Feni ndiyo huwahi kuharibika, kwa hiyo nunua ya akiba mapema.